TAHADHARI: Anayekuuzia nafasi ya ufundi kwenye timu ya mbio za pikipiki ng'ambo ni tapeli

Ndugu zangu mafundi wa pikipiki, na hasa nyie vijana ambao ndoto yenu ni kufanya kazi kwenye gereji za MotoGP au World Superbike, yaani mashindano makubwa ya dunia ya mbio za pikipiki: kuna watu wanazunguka WhatsApp, Telegram na Facebook wakiuza "nafasi za fundi" kwenye timu za mbio za Ulaya. Mimi wamenikomba akiba yote. Mpaka naandika haya nimeshapata wenzangu wawili waliopigwa na watu haohao. Kama hujatuma pesa, usitume. Kama umeshatuma, ishia hapohapo.

Ilianza na tangazo kwenye kundi la mafundi. Timu ya Moto2, daraja lililo chini ya MotoGP, inahitaji mafundi 40 haraka, uzoefu wowote, malazi bure, mshahara kwa yuro. Nilimwandikia aliyeliweka tangazo usiku wa manane, na hazikupita dakika mbili akajibu. Akaomba picha za kazi zangu. Nikamtumia picha ya injini niliyokuwa nimeifungua siku ile, bolti zote nimezichomeka kwenye kipande cha kadibodi kwa mpangilio uleule zilivyotoka, kila tundu nimeliandikia kwa kalamu. Akajibu, "Fundi, mikono kama hii haistahili kukaa hapo ulipo."

Nataka mlione hilo neno vizuri, maana ndilo walilonikamatia. Miaka yote nilikuwa nasubiri mtu anayejua mbio aniambie hivyo. Matapeli hawa hawaanzi na pesa, wanaanza na sifa, na wanazielekeza palepale unapojivunia.

Siku tatu baadaye nikafanyiwa usaili kwa video. Jamaa amevaa shati lenye nembo za wadhamini, nyuma yake inaonekana gereji ya mbio, pikipiki mbili juu ya stendi. Baadaye ndipo nilipong'amua kuwa ile gereji ilikuwa picha tu, maana muda wote hakupita mtu hata mmoja wala hakikusogea chochote. Akaniambia nisogeze pasipoti karibu na kamera. Akauliza nina akiba kiasi gani na ndugu gani anaweza kuniongezea. Nikaona na mimi niulize swali la kifundi: mkihama kutoka uwanja wenye njia ndefu zilizonyooka kwenda uwanja wa kona nyingi, huwa mnaanza kubadilisha sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) ya mbele au ya nyuma? Akatabasamu, akasema nitafundishwa nikifika. Usaili mzima haukufika robo saa.

Pale ndipo nilipotakiwa kukata simu. Fundi wa mbio ukimgusia sproketi utamtafutia pa kumnyamazishia, kwa sababu hesabu ya meno ndiyo kazi yake ya kila wikendi. Na timu inayokuajiri kweli itakuuliza kazi: unafungaje waya wa usalama kwenye bolti ya kumwagia oili, unaandika vipi kumbukumbu za kila ulichogusa, ukikuta bolti ya kalipa ya breki haikukazwa sawasawa na pikipiki inatakiwa kutoka baada ya dakika mbili unafanya nini. Huyu yeye kila swali lake lilikuwa linatafuta njia ya kufika kwenye pesa.

Kisha zikaja ada. Ya kwanza ya usajili, ndogo tu, yenye kukufanya useme hata ikipotea si neno. Ya pili ya "leseni ya FIM", yaani shirikisho la kimataifa la mchezo wa pikipiki. Ya tatu ya bima ya safari. Ya nne, kubwa kuliko zote, ya viza pamoja na "pasi ya padoki", kibali cha kuingia eneo la timu nyuma ya gereji, ya msimu mzima. Ili niikamilishe hiyo ya nne niliuza spana yangu ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza bolti, ambayo nilijinyima miaka miwili kuinunua. Aliyeinunua aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia huko niendako nitapewa nyingine. Siku niliyoambiwa niende ubalozini kuchukua viza, namba zao zote zilikuwa zimezimwa, na ubalozini hakukuwa na ombi lolote lenye jina langu.

Nilipoandika kisa changu kule kwenye kundi, wawili wakanifuata faragha. Tukaziweka pamoja kwenye skrini zile barua tatu za ajira ambazo matapeli walitutumia. Sahihi ni ileile, na kidoa cha wino chini ya mkia wake ni kilekile katika zote tatu. Kumbukumbu namba ni ileile. Barua ya mwenzangu mmoja inaanza kwa jina lake vizuri kabisa, ila ukifika aya ya tatu, inaposema "tunafurahi kukukaribisha", limo jina langu mimi. Walisahau kulibadilisha. Nilipoliona jina langu ndani ya barua ya mtu mwingine mwili ulinisisimka.

Baada ya hapo nikamtafuta fundi ambaye kweli ameshafanya kazi kwenye mbio za Ulaya, akaisoma barua yangu mstari kwa mstari. Aliyonieleza yananiuma zaidi kwa sababu mengi ni mambo ambayo ningeweza kuyahakikisha mwenyewe, bila kumlipa mtu.

Barua ilisema nitakuwa "nafungua na kujenga upya injini ya Moto2 baada ya kila mbio". Tangu 2019 pikipiki zote za Moto2 zinatumia injini ya aina moja, Triumph ya silinda tatu yenye ukubwa wa cc 765. Injini hizo huja kwenye timu zikiwa zimefungwa kwa lakiri, na anayezihudumia ni kampuni moja, ExternPro, yenye karakana huko Aragón, Hispania. Fundi wa timu anaifunga kwenye fremu na kuitoa, lakini kuifungua ndani haruhusiwi. Kwa hiyo kazi niliyoahidiwa haipo kwenye timu yoyote ya Moto2. Barua ikaongeza kwamba nitakuwa "nafunga tairi kwenye rimu". Hiyo nayo ni kazi ya mafundi wa kampuni ya tairi, ambayo kwa Moto2 na Moto3 (daraja la chini yake) ni Pirelli tangu 2024, na kwa MotoGP ni Michelin tangu 2016. Kijana wa timu anapeleka rimu, anasubiri, anarudi nazo na tairi tayari. Aliyeiandika barua ile hajawahi kusimama nyuma ya gereji ya mbio.

Anwani ya "makao makuu ya timu" ilikuwa ya Mugello. Mugello ni uwanja wa mashindano kule Italia, na timu huenda pale kukimbia au kufanya majaribio, halafu zinapakia malori na kuondoka. Timu ina karakana yake, mara nyingi katika mji mwingine kabisa, na jina lake lipo kwenye orodha ya washiriki inayotangazwa kila msimu. Barua pepe nayo ilikuwa na herufi moja ya ziada kwenye jina la timu. Usiisome kwa haraka kama nilivyofanya mimi. Isome herufi moja moja, tena kwenye kompyuta, maana kwenye simu sehemu ya mwisho huwa inafichika.

Halafu hiyo hesabu ya mafundi 40. Kwenye Moto2 kila mwendeshaji ana pikipiki moja, na timu nyingi zina waendeshaji wawili. Pikipiki hiyo inahudumiwa na mkuu wa mafundi, mtu wa data, na mafundi wachache mnaoweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Hata upande wa MotoGP, ambako mwendeshaji ana pikipiki mbili, nafasi bado ni chache na watu wanazishikilia miaka. Zikipatikana, hupatikana zaidi mwisho wa msimu, mwezi wa Novemba hivi, waendeshaji wanapohama na mafundi wao. Tangazo la "haraka haraka" katikati ya msimu, tena kwa watu 40 wasiojulikana, linataka idadi ya walipaji tu.

Wengi mtauliza, sasa watu wanaingiaje? Wanaingia kwa kuonekana wakifanya kazi. Anaanza mbio za klabu au ubingwa wa taifa, mara nyingi kwa kujitolea: anafagia gereji, anajaza mafuta, anaosha fearingi (maganda ya nje ya pikipiki), anaendesha lori. Wikendi ijayo anaitwa tena kwa sababu hakuchelewa na hakusahau kitu. Hatua kwa hatua anafika kwenye mashindano ya vijana kama FIM JuniorGP, huko nako anaonwa na mkuu wa mafundi wa timu nyingine. Jeremy Burgess, ambaye waendeshaji aliowahudumia ni Wayne Gardner aliyekuwa bingwa 1987, Mick Doohan aliyechukua ubingwa mara tano mfululizo 1994 hadi 1998, na Valentino Rossi, alikuwa mwendesha mbio wa kawaida kwao Australia kabla ya kwenda Ulaya kushika spana. Njia hiyo ni ndefu na siwezi kuwadanganya kuwa ni rahisi kwa mtu anayetoka mbali, hasa kwa sababu ya vibali. Ila katika urefu wake wote hakuna mahali ambapo fundi anainunua nafasi kwa wakala.

Kuhusu karatasi, shikeni haya. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, na viza ya utalii haikupi ruhusa ya kuajiriwa. Wakala akikwambia "ingia kitalii, tutabadilisha ukifika", anakuandalia kufukuzwa, hata kama timu ingekuwepo. Italia, kibali cha kazi kinachoitwa nulla osta kinaombwa na mwajiri akiwa hukohuko, kabla wewe hujaenda ubalozini. Uingereza, mwajiri lazima awe na leseni ya kudhamini wafanyakazi wa kigeni, na serikali inaweka orodha ya wenye leseni hiyo kwenye mtandao, bure, yeyote anaweza kutafuta jina. Kama timu haimo, maongezi yameisha. Leseni za FIM za waendeshaji hutolewa kupitia shirikisho la mchezo huo la nchi ya mwendeshaji, na pasi za padoki za wafanyakazi zinaombwa na timu yenyewe. Zote mbili haziuzwi na mtu wa WhatsApp. Na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala wa ajira hamtozi mfanyakazi ada. Nchi nyingine hazijauridhia, lakini ukimtajia wakala mkataba huo uangalie anavyobadilika.

Kwa mliokwisha kulipa: pigieni benki au kampuni ya simu leo hii, msisubiri kesho, mwombe muamala uzuiwe. Wakati mwingine pesa inakuwa haijatolewa. Msifute maongezi hata kama mnaona aibu kuyasoma. Hifadhini kila kitu, namba za miamala, sauti, barua, halafu mpeleke polisi na mwombe namba ya taarifa. Kama mlituma nakala ya pasipoti, toeni taarifa na uhamiaji, kwa sababu nakala hiyo inaweza kutumika kufungulia akaunti ya kumtapeli mtu mwingine.

Na kuna pigo la pili ambalo mimi nilinusurika kwa bahati. Mwezi mmoja baada ya wale kuzima simu, alinitafuta "wakili" akisema kesi yangu ipo mezani kwake na pesa zangu zimepatikana, nilipe tu ada ndogo ya kuzifungua. Alijua kiasi nilicholipa kila mara, hadi tarehe. Hakuna mtu niliyewahi kumpa hesabu hiyo isipokuwa wale waliozipokea. Mwenzangu mmoja alilipa.

Kama umepokea barua ya ajira ya timu ya mbio, usiniamini mimi wala wao. Chukua jina la timu kwenye orodha ya washiriki wa msimu, fungua tovuti yao kwa kuliandika jina mwenyewe, kisha wapelekee hiyo barua uwaulize kama ni yao. Na kabla hujafanya hata hilo, nenda aya ya tatu, palipoandikwa "tunafurahi kukukaribisha", uangalie limeandikwa jina la nani.