Darubini Ipi Ununue kwa Kutazamia Nyota Malindi

Maboksi ya darubini za bei nafuu huandikwa kwa herufi kubwa kwamba zinakuza mara 525, na wengi huzinunua kwa ahadi hiyo, ilhali ukuzaji ndio jambo la mwisho la kuulizia dukani. Kipimo cha kweli ni upana wa lenzi au kioo kinachopokea mwanga. Ukuzaji wenye manufaa hauzidi takriban mara mbili ya upana huo kwa milimita, kwa hiyo darubini ya milimita 60 hukomea karibu mara 120, na katika hewa nzito ya pwani mara nyingi hukomea chini ya hapo.

Malindi ina taa za hoteli na za barabarani, ina unyevu unaousambaza mwanga huo angani, na ina chumvi inayokula kila kitu cha chuma. Hata hivyo, mwezi, Mshtarii, Zohali na nyota pacha haziharibiwi sana na taa. Zinazofifia ni mawingu ya nyota na galaksi. Mpangilio ufuatao umezingatia hayo, pamoja na ukweli kwamba miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yenye usiku mwingi wa anga safi.

Ninayoiweka ya kwanza ni darubini ya macho mawili ya 10x50, yaani inayokuza mara 10 kwa lenzi zenye upana wa milimita 50, na siiweki hapo kwa sababu ya bei peke yake. Inaonyesha Kilimia kwa ukamilifu, mashimo makubwa ya mwezi, na miezi minne ya Mshtarii iwapo utaegemeza viwiko juu ya ukuta wa dari. Inafaa pia kutafutia hilali, mradi usubiri jua litue kabisa kabla ya kuiinua. Dukani, ielekeze mahali penye mwanga, kisha uishike mbali na uso kwa urefu wa mkono: katika kila lenzi ya jichoni utaona duara dogo la mwanga. Duara hilo likiwa na kingo zilizokatwa, vioo vya ndani ni vya daraja la chini. Ukinunua iliyotumika, mulika tochi kwa mbele uchunguze kuvu, ambao huonekana kama nyuzi za buibui kwenye lenzi. Zile za 7x50 zinazotumika baharini ni imara na huzuia maji, lakini chini ya anga yenye taa huonyesha mandharinyuma ya kijivu zaidi kuliko 10x50.

Ya pili ni darubini ya kioo aina ya Dobsoni, yaani iliyokalia kitako sahili kinachozungushwa kwa mkono, yenye upana wa milimita 150, na mwenye uwezo na uwanja wa kuiweka asisite kuichukua. Nyingi za ukubwa huu zina urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokutana) wa milimita 1,200, na ukuzaji ni urefu huo ukigawanywa kwa ule wa lenzi ya jichoni, hivyo lenzi ya jichoni ya milimita 25 hukuza mara 48 na ile ya milimita 10 mara 120, kiasi kinachotosha kabisa kuona pete za Zohali, mikanda ya Mshtarii na wingu la nyota lililo katika kundi la Jabari. Kioo chake kikuu hukaa ndani kabisa, upande wa chini wa bomba, kwa hiyo umande haukipati upesi. Udhaifu wake kwetu ni kitako, ambacho kwa kawaida ni cha mbao za chembe zinazovimba kwa unyevu. Paka kingo zake vanishi siku unapoifungua, au mpe fundi seremala akuchongee kingine kwa plaiwudi ya mashua. Jambo jingine ni kwamba kwetu sayari hupita karibu na utosini, mahali ambapo Dobsoni huwa ngumu kuielekeza, basi zitazame saa moja au mbili kabla au baada ya hapo.

Ya tatu ni darubini ya lenzi ya milimita 70 au 80 yenye egemeo la kawaida la juu-chini na kushoto-kulia. Bomba lake limefungwa, jambo jema karibu na bahari, na hubebeka kwa urahisi hadi ghorofani. Itikise miguu yake kabla ya kulipa: picha isipotulia upesi, iache.

Zenye mota na kompyuta zinakuja ya nne. Husaidia pale taa zinapoficha nyota za kuongozea, lakini chumvi na vifaa vya umeme havipatani.

Ya mwisho ni yoyote yenye egemeo la kiikweta, yaani lenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, mahali palipofaa sana kwa roketi, ndiyo maana setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco hapo Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970. Kwa egemeo hili ni kinyume: mhimili wake lazima ulale karibu sawa na ardhi, na mengi hayashuki kiasi hicho bila uzito wa kusawazisha bomba kugonga miguu. Nyota ya Kaskazini haichomozi kwetu, na ncha ya kusini ya anga iko chini mno, nyuma ya nyumba na miti.

Boksi likiwa na kichujio cha jua cha kufungwa kwenye lenzi ya jichoni, kitupe, kwa kuwa joto huweza kukipasua ghafla na kulipofua jicho. Kioo chenye vumbi usikifute kwa leso wala kikoi, maana chembe za chumvi hukikwaruza. Baada ya kutazama, acha umande ukauke ndani ya nyumba kabla ya kufunika, kisha hifadhi darubini pamoja na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu.