Uzoefu wangu: kutuma injini, mota na vinu kwa basi, fuso na treni kutoka Mbeya

Nauza mtandaoni vinu vya kusaga na kukoboa, mota za umeme na injini za dizeli. Duka liko Mbeya, wateja wako Njombe, Iringa, Songea, Kyela, Chunya na wachache Dar. Haya ni maoni yangu kuhusu huduma za kusafirisha mzigo unaozidi kilo 50 huku Nyanda za Juu Kusini. Majina ya kampuni nayaacha. Kampuni na kampuni hazipishani sana; zinazopishana ni basi na fuso, na kinachopishana zaidi ni jinsi muuzaji alivyoufunga mzigo na alivyokubaliana na mteja kabla haujatoka dukani.

Basi naipa nyota nne kwa mzigo usiozidi kilo 70 hivi, na nyota mbili ukipita hapo. Fuso nyota tatu na nusu. Treni nyota tatu, kwa mwenye tani na asiye na haraka. Kurudisha mzigo, kwa chombo chochote kati ya hivyo, nyota moja.

Basi sifa yake ni muda. Mzigo ukiingia stendi ya Nane Nane alfajiri, siku hiyo hiyo mteja wa Iringa anauchukua Igumbilo. Kwa spea kama beringi, mikanda, puli, nyundo na chekeche za kinu, sioni cha kushindana nalo. Tabu inaanza kwenye kitu chenye umbo dogo na uzito mkubwa. Mota ya HP 15 ya chuma cha kusubu ina kilo 120 hivi, na pa kushika ni pete moja tu juu. Buti la basi liko chini na mlango wake mfupi, kwa hiyo makuli hawawezi kuiingiza ikiwa imesimama. Wanailaza na kuisukuma, mara nyingi shafti ikitangulia. Shafti ikigonga ukingo wa buti, nje huoni kitu. Ndani gololi za beringi zimeacha kovu kwenye njia yake, na baada ya wiki kadhaa za kusaga mota inaanza kulia. Mteja anasema umemuuzia mbovu, basi lilishamaliza kazi yake, na huna pa kushika. Mota isitoke bila kasha, shafti ivalishwe kipande cha bomba gumu la plastiki lililo refu kuliko shafti yenyewe, na kii (kile kipande cha chuma kinachoshikisha puli kwenye shafti) itolewe ifungwe kwa utepe wa gundi kwenye kichwa cha mota. Kii ikidondoka njiani, fundi wa kijijini atachonga ya msumari, na hiyo itakula puli.

Bei ya basi hupangwa kwa macho. Mpokea mizigo anatazama kasha, anatazama sura yako, anataja. Ukiwa umepima na kuandika uzito kwa rangi pande mbili za kasha, mazungumzo yanakuwa mafupi. Mizani si lazima ununue. Wanunuzi wa mahindi na mpunga wanazo zinazobeba kasha zima. Kampuni za vifurushi zenyewe huhesabu tofauti: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000, halafu wanatoza uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani. Hopa ya kinu, yaani mdomo wa kumwagia nafaka, ambayo ni bati tupu, ikiwa kwenye boksi la sentimita 80 kwa 60 kwa 70, inahesabiwa kilo 67 hata kama mizani inasema 25. Ndiyo maana hopa nauza ikiwa imefunguliwa vipande, na mteja anapewa boliti zake kwenye mfuko.

Fuso inapokea chochote, na ndiyo njia yangu ya kawaida kwa injini. Injini ya dizeli ya silinda moja, ile ya 195 ambayo mafundi wengi wanaifahamu, ina kilo 150 hivi bila fremu. Ile kubwa ya 1115 inakaribia kilo 200. Msimu wa mavuno magari ya kwenda Dar yanajaa mpunga wa Usangu na viazi, na dereva atakuambia nafasi ipo juu ya magunia. Usikubali. Injini ikae sakafuni, ikiegemea ukuta wa mbele wa bodi, kabla gunia la kwanza halijapanda. Kutoka Mbeya kwenda Dar, milima ya Kitonga unaiteremka. Breki zikishikwa kila kitu kinataka kwenda mbele, na mzigo uliokaa katikati ya bodi unapata nafasi ya kukimbia ndipo ugonge. Ulioegemea tayari hauna pa kukimbilia. Kwa gari linalokuja huku kutoka Dar ni kinyume: Kitonga linapanda, na mzigo uliokaa nyuma unasukuma mlango wa bodi.

Hata hivyo barabara kuu haijawahi kuwa adui mkubwa. Adui ni kushusha. Dereva wa fuso haachi lami kwa ajili ya kasha moja. Anasimama Makambako, Mafinga au Igawa, anafungua bodi, anaweka tairi kuukuu chini, na kasha linasukumwa liangukie juu ya tairi. Kwa gunia la vitunguu sawa. Kwa injini, mguu mmoja ukitangulia unakatika. Chuma cha kusubu hakipindi, kinapasuka, na kukichomelea kunahitaji fundi mwenye vijiti vyake maalumu na moto wa kupasha kwanza. Fundi wa mageti atakuongezea nyufa. Kwa hiyo naagiza watu wanne na miti miwili wawe wanasubiri, au kirikuu irudishwe nyuma mpaka bodi zikutane, ubao utandazwe kati yake, kasha livutwe. Gharama hiyo naiandika kwenye ankara kwa mstari wake, iitwe kushusha, isifichwe ndani ya nauli. Mteja akiuona mstari ule anauliza, nawe unapata nafasi ya kumweleza habari ya tairi.

Treni ya TAZARA inapita Mbeya, Makambako, Mlimba na Ifakara hadi Dar. Iringa mjini na Njombe mjini haifiki, na stesheni ya Mbeya iko Iyunga, si katikati ya mji. Kwa mteja wa Iringa hiyo ni kupakia na kushusha mara mbili zaidi, na nimeshasema kushusha ndiko kunakovunja. Kwa mtu wa Mlimba anayechukua kinu, injini na fremu yake kwa pamoja, reli ni afadhali kuliko kuzungukia barabara ya Mikumi.

Sasa kasha, maana hapa wauzaji wengi wanabana matumizi mahali pasipofaa. Mbao za paina kutoka Mafinga zinapatikana kwa bei nafuu, ila nyingi zinauzwa mbichi. Ukikaza boliti kwenye ubao mbichi, ubao ukikauka unasinyaa na nati inalegea yenyewe bila hata tuta moja. Chagua mbao zilizokauka, au kaza, subiri siku mbili tatu, kaza tena. Chini weka boriti mbili za inchi 4 kwa 4, injini ifungwe kwenye boriti hizo kwa kupitisha boliti nne za milimita 12 kwenye matundu ya miguu yake, na washa pana chini ya ubao ili nati isizame. Boriti ziache nafasi ya sentimita 10 kutoka ardhini. Miti ya kubebea inapita hapo, na foklifti pia kama ipo. Misumari peke yake ni ya kuta za kasha tu, kamwe si ya kushikilia injini.

Kabla ya kufunga, vua tangi la dizeli, chujio la hewa na ekzosi, vyote vifungwe kwenye gunia ndani ya kasha. Vinakaa juu, ni bati jembamba, na ndivyo vinavyopondeka kwanza. Chujio la aina ya oili lina oili chini yake; injini ikiinamishwa inamwagikia njia ya hewa. Kipaipu chembamba cha dizeli kinachotoka pampu kwenda nozeli kikingwe kwa kipande cha mpira, maana kikipindwa kikanyooshwa hakiaminiki tena. Mwaga dizeli yote, mwaga maji, mwaga na oili ya sampu, ile bakuli ya chini ya injini. Basi haliwezi kukataa mzigo kwa harufu, na hata injini ikilazwa hakuna oili ya kupanda silindani. Injini yenye oili iliyolala safari nzima, halafu ikapigwa hendeli kwa pupa, inaweza kupinda konrodi (mkono wa pistoni), kwa sababu pistoni inakutana na kimiminika kisichobanika. Mwambie mteja ashike kile kishikio cha kutoa presha na azungushe taratibu mizunguko kadhaa kabla ya kuwasha mara ya kwanza. Na kwenye tundu la kujazia oili funga kibao kwa waya: HAINA OILI, USIWASHE. Kwa herufi kubwa. Karatasi ya maelekezo husomwa mashine ikishaharibika.

Jambo la mwisho kwenye kufunga: chora mstari wa rangi unaokatiza kichwa cha boliti na chuma kilicho chini yake, kwenye kifuniko cha silinda, pampu na miguu. Piga picha pamoja na namba ya injini. Mtu akifungua, mistari haikutani tena. Ugomvi wa "nilikuta imeshafunguliwa" unaisha kwa picha mbili.

Kurudisha. Mzigo mzito ukirudi umelipiwa nauli mbili na makuli mara nne, na ukifika dukani si mpya tena: oili imeshakuwa nyeusi, mkanda una alama, rangi imekwaruzika. Kwa hiyo napigania usirudi, na njia ya kwanza ni maswali kabla ya kuuza. Anayetaka mota ya HP 15 atume picha ya mita yake ya LUKU. Kama ni ya fezi moja, mota hiyo haitamfaa, aombe fezi tatu kwanza au achukue dizeli. Anayechukua injini namuuliza yuko wapi. Injini isiyo na taboo (turbo, ile feni ya kuisukumia hewa) hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Njombe inakaribia mita 2,000 na Makete inapita hapo, hivyo HP 12 ya kwenye kibao huko ni kama 10 na pungufu, wakati Kyela, karibu mita 500, inafanya kazi kama ilivyoandikwa. Mtu wa Makete anayeuziwa kipimo cha mtu wa Kyela atalalamika kwamba injini inazimika kinu kikijaa, na atakuwa na haki.

Njia ya pili ni kujua malalamiko ambayo si ubovu. "Inazunguka kinyume" kwa mota ya fezi tatu: umeme ukatwe, fundi abadilishane waya mbili kati ya tatu, basi. "Haisagi laini": mara nyingi ni puli. Mota ya kawaida inazunguka kama mara 1,450 kwa dakika, na kinu cha nyundo kikitaka 2,900, puli ya mota lazima iwe mara mbili ya ile ya kinu, inchi 8 kwa 4. Mtu aliyebadilisha kutoka mota kwenda injini ya 195, inayozunguka 2,000, akiacha puli zile zile, anakipeleka kinu 4,000, na hapo si unga wa chenga tena, ni hatari ya nyundo kuruka. Kwa puli ya inchi 4 kwenye kinu anahitaji kama inchi 6 kwenye injini.

Njia ya tatu: kinachosafiri kiwe spea, si mashine. Pampu ya dizeli, nozeli, gasketi, beringi, vyote vinapanda basi kwa nauli ndogo, nami nalipa ujira wa fundi aliye karibu na mteja kwa M-Pesa baada ya kuona video ya kazi. Hesabu hii inashinda nauli ya kurudisha karibu kila mara, hata fundi akidai zaidi kidogo.

"Lipa ukipokea" kwa mzigo huu sifanyi. Mteja akighairi, kasha linakaa ofisi ya mizigo, siku zinahesabiwa, na ofisi inajua huwezi kuja kulibeba mgongoni. Nauli na kushusha vinalipwa mbele na havirudishwi; bei ya mashine inaweza kugawanywa, nusu kabla na nusu nikituma picha ya kasha likiwa ndani ya gari pamoja na stakabadhi. Stakabadhi nyingi zina mstari mdogo chini unaosema chombo hakihusiki na kinachovunjika, kwa hiyo mteja aambiwe asisaini kabla ya kukagua miguu ya injini kwa tochi, na awe na mtu anayerekodi video.

Kurudi kizima nakubali kwa mambo mawili: nimetuma kisicho chenyewe, au kuna ufa kwenye chuma uliopigwa picha kabla ya kusaini. Nauli ni yangu. Sharti ni moja, kirudi ndani ya kasha lile lile kikiwa kimefungwa na boliti zile zile, kwa hiyo kwenye ubao wa juu huwa naandika: KASHA LISIPASULIWE KABLA YA SIKU 14. Kwa Njombe mwezi wa Juni naongeza: SI KUNI.