Sedani ya tani mbili kwenye lami ya viraka: uzoefu wangu

Nina mwaka na ushei na hili gari. Injini ni V8, yaani ya silinda nane, yenye turbo mbili, springi za upepo, shokapu za umeme, na uzito unaopita kilo 2,000 kabla sijakaa ndani. Kwa mbio sina neno. Ninalotaka kusema ni jinsi linavyokaa lami ikiharibika.

Nilidhani uzito wote huo utameza mashimo. Kwenye mwendo wa 100, barabara ikiwa na mabonde mapana, kweli linameza, na hata kikombe cha chai hakimwagiki. Kasheshe ni mwendo wa 30 au 40, juu ya viraka, mifuniko ya mitaro na viungo vya madaraja. Kila ukingo unausikia mara mbili: dap! chini ya miguu, halafu mgongoni. Mama alipanda nyuma siku moja, akashika mkono wa mlangoni mpaka tukafika, akaniuliza, "Mwanangu, hili ndilo la gharama?"

Nikalaumu springi, kumbe mchawi alikuwa rimu. Zilikuwa inchi 21, tairi za nyuma 285/30: upana milimita 285, na ukuta asilimia 30 ya upana huo, yaani mpira kati ya rimu na barabara haufiki hata milimita 86. Rimu kubwa na diski za breki kubwa ni uzito ambao springi haiubebi. Uzito huo ukipigwa na ukingo mkali unaruka juu ghafla, na shokapu haiwahi kuutuliza. Isitoshe, ile fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona inaunganisha gurudumu la kulia na la kushoto, kwa hiyo shimo la upande mmoja linawayumbisha vichwa wote mliomo.

Nikashuka hadi inchi 20, nyuma 285/35. Ukuta wa tairi sasa unakaribia milimita 100. Milimita 14 tu, cheka ukitaka, lakini ile dap imekuwa dup. Angalia tu tairi mpya isiwe na uwezo mdogo wa kubeba kuliko ya zamani. Gari zito halitaki mzaha huo. Upepo wa tairi nao ulikuwa umejazwa kwa kipimo cha mzigo kamili, wakati siku nyingi niko peke yangu. Kipimo cha mzigo mdogo kiko kwenye kibandiko cha mlangoni.

Na msidanganyike na kitufe cha komfoti, kile cha kulainisha shokapu. Kwenye barabara ya mawimbi pua inanyanyuka, inashuka, inanyanyuka tena, na abiria wa nyuma anaanza kuomba dirisha lifunguliwe. Mimi naweka mpangilio wa kati. Spoti, ule mpangilio mgumu, naigusa lami ikiwa kama kioo.

Viungo vya madaraja bado vinagonga, hivyo sijavipatia dawa. Rimu za 21 ziko stoo. Moja ina ufa upande wa ndani, fundi aliuona alipokuwa anaivua, na sikumbuki ni shimo lipi.