Waya wa Kompresa na Muuzaji Aliyetaka Kuongea na Mume Wangu

Sijawahi kutoka dukani na hasira kama niliyotoka nayo majuzi, na chanzo ni waya wa jeki, yaani plagi ya kuunganishia vyombo vya sauti. Ninarekodi kwaya nyumbani, hapa Kadutu, Bukavu, kwa meza ya analojia ya kuchanganyia sauti, na hivi karibuni nilipata kompresa, yaani kifaa kinachoishusha sauti inapopanda mno, iliyokwisha kutumika lakini nzima. Kompresa huunganishwa kwenye tundu la inseti la chaneli, kwa kuwa sauti yote ya mwimbaji hutakiwa itoke mezani, ipite ndani yake, kisha irudi katika njia ileile. Mashine ya mwangwi ni tofauti, kwani yenyewe hupelekewa sauti kiasi kupitia njia ya pembeni, na mwangwi wake ukaongezwa juu ya sauti asilia. Tundu la inseti ni moja, ila lina kazi mbili: katika meza nyingi ncha ya jeki hupeleka sauti, pete huirudisha, na shina ni la ardhi ya umeme. Ndiyo maana jeki ya upande wa meza lazima iwe ya stereo, yenye mistari miwili myeusi, na upande wa pili waya ugawanyike kuwa jeki mbili za mono.

Hayo yote nilimweleza muuzaji wa duka moja la vyombo vya muziki pale Nyawera. Akanipa waya uliogawanyika, akaniambia ndio huo, akapokea dola zangu. Nilipouchomeka nyumbani, chaneli ikawa bubu kabisa. Niliusogeza kwenye taa nikaona jeki ya upande wa meza ina mstari mmoja tu. Jeki ya mono ikisukumwa mpaka mwisho ndani ya inseti, hugusanisha njia ya kurudishia sauti na ardhi, na hapo hakuna kitakachosikika hata kompresa iwe ya bei gani.

Nilirudi dukani nikiomba kubadilishiwa tu. "Mama, meza yako imekufa, ilete tuitengeneze," alisema bila hata kuushika waya. Nilipomwonyesha ule mstari kwa kidole, alimgeukia mteja mwingine na kusema, "Mtume mzee wa nyumba aje, nitamweleza yeye." Meza ni yangu, nimeinunua kwa fedha zangu, na kila waya ulio nyuma yake nimeuchomeka mwenyewe. Mtu anayeuza vyombo vya sauti bila kuzijua jeki zake, kisha akamfukuza kwa dharau anayezijua, hastahili hata senti ya mwanakwaya yeyote wa Bukavu.

Hata hivyo, haki lazima isemwe. Kijana anayelehemu nyuma ya duka alikuwa amesikia. Alinifuata mlangoni, akaniomba ule waya, akaikata jeki ya mono na kuweka ya stereo, akapima kila njia kwa mita mpaka ikalia, kisha akazungushia utepe mwekundu jeki ya kwenda kwenye kompresa. Na akauliza swali ambalo bosi wake asingelifikiria: "Mama, kifungo cha nyuma ya kompresa kiko kwenye +4 au −10?" Kati ya viwango hivyo viwili vya nguvu ya sauti kuna tofauti ya karibu desibeli 12, nayo yatosha kuifanya sauti ipasuke au idhoofike.

Waya huo sasa ndio bora kuliko zote nilizonazo. Mwimbaji wetu wa sauti ya kwanza, ambaye akipandisha kibwagizo alikuwa akiwafunika wenzake wote, sasa anakaa mahali pake bila mimi kuishika fada, kile kitelezi cha mezani cha kupandisha na kushusha sauti. Kwa kazi ya kijana yule ningelisifu duka hilo bila kusita, na nilikuwa nimekusudia kufanya hivyo, lakini kila nikiyakumbuka maneno ya "mzee wa nyumba" nia hiyo huniishia. Msinunue kwa yule muuzaji. Mkitaka waya wa inseti, mtafuteni kijana wa kulehemu, na fedha mpeni yeye mkononi.