Uzoefu wangu: WireGuard imeunganisha kompyuta za Dodoma na domeini ya Dar

Kama ofisi yenu iko Dodoma na seva ya domeini (kompyuta inayosimamia majina na nywila za ofisi nzima) iko Dar es Salaam, WireGuard ndiyo VPN (njia ya siri ya kuunganisha mitandao kupitia intaneti) ningewashauri muanze nayo. Sababu yangu kubwa ni moja: inawaka kabla mtu hajaingia kwenye kompyuta.

Hali yetu ni ya ofisi nyingi za huku. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, kampuni nyingi zimefungua tawi dogo, vyumba viwili vitatu maeneo ya Makole au Area D, huku seva na wataalamu wake wakibaki Dar. Kompyuta mpya ikinunuliwa, lazima iingizwe kwenye domeini ya ofisi kuu ili mfanyakazi atumie jina na nywila ile ile popote alipo, na apate folda za idara yake. Kwetu dawa ilikuwa kuifunga kwenye boksi na kuipakia basi la Dar, kisha kuisubiri irudi. Kazi hiyo inawezekana kabisa mashine ikiwa palepale mezani.

Kuiingiza kompyuta kwenye domeini ukiwa mbali si kugumu. Unawasha VPN, unaandika jina zima la domeini, unaweka akaunti yenye ruhusa, inakukaribisha, inaomba kuwashwa upya. Shida inaanzia hapo. VPN tuliyokuwa nayo kabla ilihitaji mtu aingie kwanza ndipo aiwashe. Mfanyakazi ambaye hajawahi kuingia kwenye mashine hiyo anahitaji seva ya domeini imthibitishe, na seva iko upande wa pili wa VPN ambayo bado imezimwa. Haingii mpaka VPN iwake, VPN haiwaki mpaka aingie. Dada wa uhasibu alikuwa akinipigia: "Kaka, imeandika hakuna seva ya kunipokea, nifanyeje?" Na nywila yake ilikuwa sahihi kabisa.

WireGuard kwenye Windows inajisajili kama huduma ya mfumo. Mashine ikiwaka, njia ya kwenda Dar inafunguka yenyewe, na skrini ya kuingilia inapotokea seva ya domeini tayari inaonekana. Dada yule aliandika jina lake, akaingia, folda za uhasibu zikatokea. Tena mfanyakazi wa kawaida hawezi kuizima, maana dirisha lake linahitaji haki za msimamizi.

Programu ni ya bure, na tangu 2020 imo ndani ya kiini chenyewe cha Linux, toleo 5.6. Kwa hiyo upande wa Dar tumetumia mashine ya Ubuntu (aina ya Linux) iliyokuwepo, tukafungua mlango mmoja tu wa mtandao, wa UDP namba 51820. Upande wa huku kila kompyuta ina faili lake fupi la mipangilio. Mstari wa kuuangalia kuliko yote ni wa DNS (huduma inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao): lazima uelekeze kwenye seva ya domeini, kwa sababu Windows huitafuta seva hiyo kwa kuuliza DNS. Ukiacha DNS ya kampuni ya intaneti, utaambiwa domeini haipatikani hata kama ping (jaribio la kuona mashine nyingine inajibu) inakwenda vizuri. Kwenye AllowedIPs, mstari wa anwani zitakazopitia VPN, weka mtandao wa ofisi kuu peke yake, ili anayefungua tovuti ya kawaida atokee hapahapa Dodoma bila kuzungushwa Dar. Na kabla ya yote hayo, angalia toleo la Windows. Home haiingii kwenye domeini kwa namna yoyote, inatakiwa Pro, kwa hiyo uliza dukani kabla hujalipa.

Jambo lililonisumbua kuliko yote lilikuwa saa. Tuna kompyuta ya mezani ya siku nyingi ambayo betri yake ndogo ya ubaoni imekufa. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma miaka. WireGuard inakataa ombi la kuunganishwa lenye muda wa nyuma kuliko ombi la mwisho lililopokelewa, kama kinga dhidi ya anayenasa ujumbe wa zamani na kuurudia. Kerberos nayo, inayothibitisha watumiaji wa domeini, haikubali saa zipishane zaidi ya dakika 5. Na kompyuta iliyo kwenye domeini hurekebisha saa yake kutoka seva ya domeini, ambayo inafikiwa kwa njia hiyohiyo iliyofungwa. Ukifungua dirisha la WireGuard unaona baiti zilizotumwa zinaongezeka huku zilizopokelewa zikibaki sifuri. Suluhisho ni kuingia kwa akaunti ya msimamizi wa mashine yenyewe na kuweka saa sahihi kwa mkono. Njia inafunguka muda si mrefu. Kisha nunua betri ya CR2032, ni ya bei ndogo na maduka ya vifaa mjini wanayo. Naomba sana mtunze nywila ya akaunti hiyo ya msimamizi mahali salama, maana siku kama hiyo haina mbadala.

Faiba ikikatika, tunawasha intaneti ya simu na WireGuard inaendelea bila kubonyeza kitu, seva inaona tu kwamba mteja sasa anatokea anwani nyingine. Weka PersistentKeepalive (ujumbe mdogo wa kuiweka njia hai kila baada ya muda) kuwa 25, ndiyo sekunde wanazoshauri watengenezaji wake, vinginevyo njia ikikaa kimya muda mrefu ruta za katikati huisahau. Hata intaneti ikizima kabisa, walioshaingia kwenye mashine hiyo huko nyuma wanaingia tu, maana Windows huhifadhi kumbukumbu za watumiaji 10 wa mwisho isipokuwa msimamizi awe amebadilisha.

Kasoro zipo. WireGuard haiulizi nywila, inaamini ufunguo uliomo kwenye kompyuta. Laptopu ikiibiwa, piga simu Dar saa hiyohiyo wafute ufunguo wake kwenye seva, na diski iwe imefungwa kwa BitLocker (kifungio cha diski cha Windows) tangu mwanzo. Mafaili makubwa nayo ni tatizo: kufungua jedwali zito lililoko kwenye folda ya Dar kunachosha, kwa kuwa mfumo wa folda za Windows huulizana na kujibizana mara nyingi kabla faili halijafunguka. Sisi tumeyaweka ya kila siku kwenye mashine moja hapahapa, na nakala zinakwenda Dar usiku.

Kwa tawi lenye kompyuta chache kama letu, naipa WireGuard alama za juu bila kusita. Mkiwa wengi, kusimamia faili la kila kompyuta kutawachosha. Hapo wekeni njia moja kwenye ruta (MikroTik zenye RouterOS 7 zinaiweza WireGuard), na mwombeni wa Dar awawekee seva ya domeini ya kusoma tu (nakala isiyoruhusu mabadiliko) hapo tawini.