Karatasi za kolaji zinazopenyeza mwanga: ninazonunua na ninazoziacha dukani

Karatasi ya aina hii usiipime ikiwa kavu. Dukani unaiinua kwenye taa, inang'aa, unalipa. Ila kolaji, yaani picha inayoundwa kwa kubandika vipande vya karatasi, inaanza karatasi ikishalowa gundi, na hapo ile iliyokuvutia inajikunja kama jani la mgomba juani, na ile uliyoidharau inalala kwenye ubao kama ngozi. Kwa hiyo ninayosema hapa ni ya karatasi zilizolowa, kwa joto na unyevu wa Dar.

Nianze na tresing, karatasi ya kunakilia michoro, maana ndiyo kila mtu huanza nayo. Iko kwenye steshenari yoyote inayowauzia wachora ramani, kwa shiti au kwa roli. Ninayoitumia ni ya gramu 90 kwa mita ya mraba. Inapenyeza mwanga kwa sababu nyuzi zake zimesagwa na kubanwa hadi hewa iliyokuwa katikati ikaisha, na hewa ndiyo hutawanya mwanga na kuipa karatasi ya kawaida weupe wake. Sifa hiyohiyo ndiyo ugonjwa wake. Nyuzi zilizobanana hivyo zikinywa maji zinavimba, tena kwa unene zaidi kuliko kwa urefu, kwa hiyo karatasi inatanuka zaidi kwa uelekeo mmoja kuliko mwingine. Paka gundi ya maji upande mmoja uone: kabla hujarudisha brashi kwenye kopo, imeshajisokota kama msokoto wa sigara. Ukiilazimisha ikalala, ikikauka inasinyaa na kukuachia mawimbi.

Kama lazima uibandike yote, inyunyizie maji pande zote mbili, subiri dakika moja au mbili itulie, paka gundi kwenye ubao badala ya kwenye karatasi, kisha kamua hewa kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Hata hivyo sikuahidi ulaini wa kioo. Mimi tresing siilowanishi tena: naishona kwa cherehani, mshono mrefu, au naishika kwa ukanda mwembamba wa tepu ya pande mbili kwenye ukingo wa juu. Ikining'inia hivyo juu ya picha inatoa ukungu mzuri ambao hakuna karatasi nyingine hapa inaufikia.

Kwa kubandika kwa gundi, ninayoichagua kwanza ni karatasi laini nyeupe ya ndani ya maboksi ya viatu. Kariakoo mwenye duka la viatu anaweza kukupa bure, anaiona takataka. Ikiwa kavu haipenyezi mwanga vizuri, lakini gundi ikiingia na kuziba nafasi za hewa, weupe unayeyuka na mchoro uliouweka juu yake unabaki kama umeelea. Chora kwa wino usioyeyuka kwa maji, uache ukauke kabisa. Ukitaka kuchapa picha, ibane juu ya A4 kwa gundi ya kijiti kwenye ukingo unaotangulia kuingia, na utumie mashine ya leza. Wino wa mashine ya inki unavuja. Selotepu ya plastiki usiweke, joto la ndani litaiyeyusha. Na mwenye mashine mwambie mapema, wengi watakataa, na wana haki.

Za rangi, zile za kufungia zawadi, naziweka mbali. Rangi yake inachuja ikiguswa na maji na inapauka kwenye mwanga. Jaribu kwa kipande cha pamba chenye maji: pamba ikipata rangi, ubao wako nao utapata.

Mifuko ya chai iliyotumika inastahili heshima kuliko inavyopewa. Karatasi yake imetengenezwa kustahimili maji ya moto, kwa hiyo haichaniki mkononi ikiwa imelowa. Chagua ile ya kukunjwa yenye uzi na pini; ukiifungua unapata ukanda mrefu wenye doa la kahawia ambalo huwezi kulipaka kwa makusudi likapendeza vile. Ile iliyozibwa kwa joto ina nyuzi za plastiki, pasi kali itang'ang'ania. Mifuko yote ianike juani hadi ikauke kweli, maana ikifungiwa na unyevu wa masika inaota ukungu.

Sevieti: tenganisha tabaka, tumia la juu tu lenye picha, gonga kwa brashi, usivute. Karatasi ya kuokea usiibandike, imepakwa silikoni na gundi itateleza. Ila inunue! Weka shiti moja kati ya kazi na kazi unapozipanga, kwa sababu kwenye joto letu tabaka za rangi ya akriliki hubaki zikinata na kazi mbili zikilaliana hazitaki kuachana.

Gundi ni nyeupe ya mbao, sehemu mbili kwa moja ya maji, tabaka jembamba. Ikibaki na ukungu wa maziwa, uliipaka nene au hukuisubiri. Feni ielekeze ukutani. Ikipuliza kazi moja kwa moja, juu inakauka kabla ya chini na kingo zinainuka. Na kwa wanaobandika juu ya ubao uliokwishapakwa rangi ya mafuta, kama ule wa picha za Tingatinga, piga msasa kwanza. Gundi ya maji haishiki rangi inayong'aa, na karatasi itabanduka nzima kama gamba la nyoka.