TAHADHARI: Grogan wanakubadilishia silinda hedi ya Pijo 504 ukiwa unatuma pesa

Wazazi wenzangu, na yeyote anayefufua gari la zamani hapa Nairobi, someni hii kabla hamjashuka Grogan, kule kwenye vibanda vya spea za magari Barabara ya Kirinyaga, na pesa mfukoni. Jumamosi iliyopita mimi na kijana wangu tuliibiwa Sh28,000 mchana kweupe, na ujanja wenyewe ni mwepesi kiasi kwamba sidhani sisi ndio wa kwanza.

Gari ni pikapu ya Pijo 504 aliyoiacha marehemu baba yangu. Aliitumia kuleta kabichi na viazi Marikiti kutoka Kinangop, na tangu alipoaga imekaa nyuma ya nyumba inaliwa na kutu. Kijana wangu ana miaka 16, na ni yeye aliyeniomba tuifufue. Nilikubali, ila nikampa sharti: kila kinachofunguliwa na kila kinachonunuliwa kipigwe picha, kiandikwe daftarini. Bila lile daftari hata leo tungekuwa tunamlaumu makanika wetu bure.

Makanika alipofungua injini alikuta hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, imepinda na ina ufa. Injini ya petroli ya 504 ina hedi ya alumini iliyokalia bloku ya chuma, na alumini haivumilii joto kupita kiasi. Tena wengi wetu tumezoea kujaza rejeta maji ya bomba badala ya kulanti, ile dawa ya kupoza injini, basi kutu inakula hedi polepole kuzunguka matundu ya maji. Hedi mpya ya 504 siku hizi ni vigumu kuipata. Hili ndilo gari ambalo Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally 1975, watu wa rika langu bado wanalitaja kwa heshima, lakini heshima haileti spea. Inabidi utafute iliyotumika. Wauzaji wa Grogan wanalijua hilo, wanajua ukiwafikia umeshazunguka hadi umechoka.

Tulipokelewa na jamaa mmoja kabla hata hatujavuka barabara. "Mathe, unatafuta spea ya gari gani?" Nikasema, na mara moja akajibu anayo. Alitupitisha vibanda kadhaa, akatuketisha kwenye kimoja chenye spea chache za Pijo, akamtuma mwenzake "stoo". Hedi iliyoletwa ilikuwa safi. Kijana aliweka rula ya chuma juu yake kama alivyofundishwa na makanika, akaangalia mwanga chini ya rula, akachungulia viti vya valvu, akapiga picha nne. Mimi nikabishana bei kutoka Sh35,000 hadi Sh28,000, nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Sasa sikilizeni hapa. Tulipokubaliana, yule mwenzake aliichukua hedi "aipanguse oili, aifunge vizuri isiwachafulie nguo." Wakati huohuo huyu wa kwanza akanipa namba ya simu nitume pesa. Niliuliza mbona si Lipa na M-Pesa ya duka, akasema ile ina shida leo. Jina lililotokea lilikuwa la mtu binafsi. Akaniambia nisome kwa sauti nisikosee, na kijana naye akainama kwenye simu yangu kunisaidia. Ni dakika mbili hivi. Tuliponyanyua macho, hedi ilikuwa imerudi ndani ya gunia, imeshonwa kwa kamba ya katani, na kijana wa mkokoteni tayari anaibeba. Risiti tuliandikiwa kwenye kikaratasi kisicho na jina la duka.

Nyumbani kijana ndiye aliyefungua gunia. Alinyamaza, akaenda kuchukua simu yake, akalinganisha. Akaniambia, "Mama, hii si ile." Ile ya dukani ilikuwa imemeguka kidogo kwenye pembe moja. Hii haikuwa na doa, ilikuwa imepakwa rangi ya fedha kila mahali. Alikwaruza kwa bisibisi karibu na tundu la maji, rangi ikatoka, na chini yake si alumini bali gundi ya chuma, ile ya kuchanganya tyubu mbili. Mashimo manne yamezibwa hivyo, kisha uso wa hedi ukasagwa kwa mashine ung'ae.

Mwenye gari anaweza kuifunga hiyo hedi na gari likawaka vizuri kabisa. Injini ikishashika joto lake la kawaida, karibu nyuzi 90, gundi inaanza kuachia, maji yanaingia kwenye oili, na oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Ukiendelea kuendesha unaua beringi, na injini yote inaenda. Huo ndio uchungu wangu mkubwa, kwamba mtu aliyemwona mtoto anajifunza kazi kwa bidii mbele yake alikuwa radhi kumharibia hata kile kilichobaki kizima.

Tulirudi kesho yake. Kibanda kilikuwa na mtu mwingine, ambaye alisema anakikodisha kwa siku. Namba ya simu imezimwa. Nilituma ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom, kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa. Tumeandikisha kituoni na tuna namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi.

Kwa hivyo, ukinunua spea iliyotumika, weka alama yako mwenyewe kwa kalamu ya maka ukishaichagua, na mkono wako usitoke juu yake. Mmoja alipe, mwingine ashike. Kama uko peke yako, iingize kwanza kwenye gari au boda yako, kisha ulipe. Hedi yoyote iliyopakwa rangi uikwaruze kando ya matundu ya maji papo hapo; muuzaji akikataa, ondoka. Na kabla ya kuifunga, ipeleke kwenye karakana ya kusaga injini waipime kwa hewa ndani ya maji ya moto. Sisi tulilipa Sh1,500 Industrial Area, na ya pili tuliyonunua kwa fundi wa Kariobangi haikutoa hata povu moja.

Jamaa hao pia walitaka kutuuzia injini nzima kwa bei ya kutupa, na pale panapopigwa namba pamesagwa hadi pakang'aa. Msiiguse. Namba ya injini imo kwenye logibuku, na kupokea au kuweka mali ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini ni ya wizi ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Sheria ya Adhabu, hadi miaka 14 jela.

Naamini ile hedi nzuri bado iko Grogan, inaonyeshwa mteja mmoja baada ya mwingine. Kwenye picha za kijana wangu imemeguka pembe moja, na ubavuni mtu ameandika P3 kwa rangi ya njano. Ukiletewa hiyo, ujue uko kwenye kibanda kilekile.